Shabaha Huanzia Kwenye Kifundo cha Mkono

Mtoto wa shule ya msingi akipewa kitu cha kurusha, swali analoulizwa ni moja: kimefika wapi? Tufe hupimwa kwa mita, mkuki kwa mita, kisahani kwa mita. Shabaha ameiacha nyumbani, chini ya mwembe, anakopopoa maembe bila kufundishwa na mtu. Shuleni hakuna anayemuuliza kama alichokirusha kimeangukia pale alipokusudia, na kwa hiyo hakuna anayemsaidia kikiangukia kwingine.

Kwa sababu hiyo naona kwamba kuingizwa kwa mchezo wa frisbee katika mtaala wa umilisi wa Kenya, CBC, lilikuwa jambo kubwa kuliko lilivyochukuliwa. Mchezo huo uliwekwa katika elimu ya viungo kwa watoto wa madarasa ya juu ya shule ya msingi, ukiwa na mirusho yake na namna zake za kudaka. Wakati wenyewe haukuwa mzuri. Kundi la kwanza la mtaala huo liliingia Gredi ya 4 Januari 2020, shule zikafungwa Machi kwa sababu ya korona, na watoto hao hawakurudi darasani mpaka Oktoba. Waliporudi, kila mwalimu alikuwa akikimbizana na Hisabati na Kiingereza. Frisbee ilibaki kwenye karatasi za mpango wa kazi, na shule nyingi zilizoijaribu ziliifanya mchezo wa kupoteza muda: sahani moja, watoto wamezunguka, anayeipata anairusha popote.

Mimi nashikilia kwamba kurusha kwa usahihi kunafundishika kwa kila mtoto, mwenye misuli na asiye nayo, ila mwalimu akubali kubadili mpangilio aliouzoea. Mzunguko wa sahani utangulie shabaha, na mirusho mingi itangulie maelezo mengi. Walimu wengi hufanya kinyume: huweka shabaha kwanza, huhutubia kwa robo saa, kisha kila mtoto hurusha mara mbili na kengele inalia.

Tuanze na kitu chenyewe, maana asiyejua kwa nini sahani inaruka hawezi kujua kwa nini imepotoka. Frisbee ni sahani iliyofunikwa kifudifudi, yenye ukingo mzito uliokunjwa kuelekea chini. Inapokwenda, hewa inayopita juu na chini yake huiinua, kwa kanuni ileile inayoinua bawa la ndege. Tatizo ni kwamba nguvu hiyo ya kuinua haikai katikati kabisa ya sahani. Inasogea mbele au nyuma kadiri mwendo na mwinamo unavyobadilika, na kila inaposogea hutaka kuipindua sahani. Kinachoizuia isipinduke ni mzunguko. Watoto wanaijua habari hii tayari kutokana na pia: ikizunguka kwa kasi husimama kwa ncha yake, ikichoka huyumba na kulala. Sahani isiyozungushwa hulala mara tu inapotoka mkononi.

Mzunguko una tabia nyingine ambayo mwalimu lazima aijue kabla hajamkemea mtoto. Sahani inayozunguka haikubali kupinduliwa kuelekea kule inakosukumwa, huinamia upande. Ndiyo sababu mrusho wa mtoto anayetumia mkono wa kulia, akiupitisha mbele ya kifua, mwishoni mwa safari hupinda kushoto sahani inapopungua kasi. Wa mkono wa kushoto, wake hupinda kulia. Hilo ni umbile la mchezo, na mchezaji wa kimataifa halikwepi. Dawa yake ni kulihesabu: unalenga kulia kidogo ya unapotaka sahani ifike. Mtoto anayelaumiwa kwa jambo ambalo ni la hewa na mzunguko huanza kulishuku jicho lake mwenyewe, na jicho hilo ndilo tunalotaka kulijenga.

Historia ya sahani yenyewe inafundisha hayo hayo. Kabla ya plastiki, wanafunzi wa Marekani walikuwa wakirushiana vyombo vya bati vya pai za kampuni ya Frisbie ya Bridgeport, Connecticut. Walter Frederick Morrison akatengeneza sahani ya plastiki, na mwaka 1957 kampuni ya Wham-O ikaanza kuiuza. Kwa miaka kadhaa ilikuwa kichezeo cha pwani, kikienda kinakotaka. Mwaka 1964 Ed Headrick, akifanya kazi Wham-O, aliiboresha sahani hiyo na kuichonga mistari ya duara juu yake ili itulie hewani, na hataza ya ubunifu huo ikatolewa 1967. Mwaka 1968 wanafunzi wa sekondari mjini Maplewood, New Jersey, wakaanza kuicheza kwa timu mbili, mchezo ambao leo unaitwa ultimate. Headrick huyohuyo baadaye akabuni kikapu cha minyororo kinachotumika katika gofu ya sahani. Utaona kwamba mashindano yalifuata baada ya sahani kutulia. Chombo kisichotulia hakiwezi kumpa mtoto jibu la kweli kuhusu mkono wake, na nitalirudia hili nitakapofika kwenye mifuniko ya ndoo.

Hapa ndipo ubishi wa kitaalamu ulipo, na inafaa tuutazame kwa makini kwa sababu pande zote mbili zina hoja. Upande mmoja unasimama juu ya kazi ya Paul Fitts, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyeonyesha mwaka 1954 kwamba kadiri tunavyotaka mkono ufike mahali padogo, ndivyo unavyohitaji muda zaidi kufika. Haraka na usahihi hushindana. Mwalimu anayefuata njia hii humwambia mtoto: pole pole, lenga kwanza, nguvu zitakuja. Upande wa pili ni wa walimu wa viungo waliowatazama watoto wakirusha mipira kwa miaka mingi. Wao wanasema mtoto mdogo akiwekewa shabaha mapema hukaza mwili, husahau kugeuza kiwiliwili, na kubaki akisukuma mpira kwa mkono mtupu. Mwache kwanza arushe kwa nguvu, wanasema, mwili ujifunze mwendo wote, kisha mpe shabaha.

Kwa mpira, nawaunga mkono hao wa pili. Kwa frisbee jambo linakuwa na sura yake, na sioni likijadiliwa vya kutosha. Sahani ina kiwango cha chini cha mzunguko ambacho ikikikosa hairuki kabisa. Mtoto aliyeambiwa "pole pole" akiwa mita 3 kutoka kwenye shabaha ataisukuma sahani kama anayepitisha sahani ya wali mezani, na itatikisika na kuanguka. Atasogezwa karibu zaidi ili afaulu, ataisukuma kwa upole zaidi, nayo itaanguka vilevile. Umbali mfupi unaodhaniwa kuwa rahisi ndio unaomfundisha kosa. Msogeze nyuma mpaka mita 7 au 8, mpe lango pana asiloweza kulikosa kwa urahisi, na mkono wake utalazimika kuchapa. Hapo mzunguko unazaliwa. Kwa hiyo shabaha na nguvu hazina haja ya kupangiwa zamu: weka shabaha kubwa, iweke mbali kiasi, na uipunguze ukubwa kabla hujaisogeza karibu. Ningependa kila kitabu cha mwongozo wa mwalimu kianze hapo.

Sasa mkono. Mrusho wa kwanza wa kufundisha ni ule wa kupitisha mkono mbele ya kifua, maana ndio unaoleta mzunguko kwa urahisi. Kidole gumba juu ya sahani, vidole vingine chini. Kwa mtoto, kidole cha shahada kiwekwe kando ya ukingo, ashike vizuri zaidi. Sahani ishikwe kwa uthabiti wa kadiri, maana mkono uliokakamaa hauchapi. Asimame kwa ubavu, bega la mkono unaorusha likielekea kwenye shabaha. Kisha linakuja jambo linalowachanganya walimu waliozoea mpira: mtoto wa mkono wa kulia hutanguliza mguu wa kulia. Kwenye mpira wa kurusha juu ya bega tunamfundisha kutanguliza mguu wa kushoto, na tumemsahihisha juu ya hilo tangu Gredi ya 1. Kwa frisbee ni kinyume chake. Nimeona watoto wakirudishwa kwenye mguu wa kushoto na mwalimu mwenye nia njema kabisa, na mrusho wote ukafungika kiunoni.

Mkono unavutwa kuelekea upande wa pili wa mwili, kiwiko kinatangulia kurudi, na mwisho kabisa kifundo cha mkono kinachapa na kusimama. Kule kusimama ndiko kunakoifanya sahani ikatike mkononi na kuzunguka. Watoto wengi huendelea kuufagia mkono mpaka nyuma ya mgongo, na sahani hutoka wakati wowote ipendao. Zoezi ninalolithamini kuliko yote ni la kurusha ukiwa umepiga goti moja chini, kiwiko kikiwa karibu na mwili, umbali wa mita 5. Miguu na kiuno vimeondolewa kwenye kazi, kwa hiyo hakuna njia ya kuipeleka sahani isipokuwa kwa kifundo cha mkono. Katika zoezi hili umbali mfupi unakubalika, kwa kuwa kinachotafutwa ni mzunguko tu. Lango lisiwepo, na mwalimu asihesabu chochote. Dakika chache za zoezi hilo hubadilisha darasa zima.

Uzuri wa mchezo huu ni kwamba kila kosa lina sahihi yake hewani. Kwa mtoto wa mkono wa kulia, sahani ikienda moja kwa moja kushoto tangu mwanzo, ameiachia mapema. Ikienda kulia, amechelewa kuiachia. Ikipanda juu, ikasimama na kurudi nyuma, ukingo wa mbele ulikuwa umeinuka. Ikipinda kulia na kuishia kuviringika ardhini, ukingo wa nje, ule ulio mbali na mwili, ulikuwa juu. Hili la mwisho ndilo kosa la wanaoanza karibu wote, na tiba yake ni kumwambia ashushe ukingo wa nje kidogo. Ikitikisika, mzunguko haujatosha. Mwalimu akisimama nyuma ya mrushaji badala ya mbele yake, atayasoma yote haya bila kuugusa mkono wa mtoto. Na kwa mtoto wa mkono wa kushoto ayageuze kulia na kushoto, bila kumlazimisha ahamishe mkono. Bado kuna shule zinazowahamisha.

Namna ya kusema ina uzito pia. Utafiti wa Gabriele Wulf na wenzake, ulioanza kuchapishwa miaka ya 1990, umeonyesha mara nyingi kwamba mtu anayejifunza mwendo hufanya vizuri zaidi akielekezwa mawazo kwenye matokeo nje ya mwili kuliko kwenye viungo vyake. "Ipitishe sahani kati ya fimbo zile mbili" humsaidia mtoto kuliko "nyoosha kiwiko, geuza kiganja, inua bega". Yale maelezo ya mkono niliyoyatoa hapo juu ni ya mwalimu. Mtoto apewe moja kwa wakati mmoja, kwa maneno machache, na mara nyingi iwezekanavyo aulizwe kwanza yeye: sahani imekwendaje, na unadhani kwa nini? Anayejibu swali hilo anajifunza kujisahihisha siku ambayo mwalimu hayupo.

Kuhusu mazoezi, kuna utafiti mmoja wa zamani ambao kila mwalimu wa viungo angefaidika kuujua. Mwaka 1978 Robert Kerr na Bernard Booth walichapisha matokeo ya jaribio la watoto wa miaka 8 na wa miaka 12 waliorusha vifuko kwenye shabaha. Katika kundi la wadogo, baadhi walifanya mazoezi ya umbali mmoja tu, futi 3, ambao ndio uliokuwa wa mtihani. Wengine walifanya mazoezi ya futi 2 na futi 4, bila kuugusa umbali wa mtihani hata kidogo. Siku ya mtihani, waliochanganya umbali walikuwa sahihi zaidi kuliko wale waliouzoea umbali wenyewe. Kwa wakubwa ilikuwa vivyo hivyo. Majaribio yaliyofuata ya watafiti wengine hayakutoa jibu hilo kila mara, na kifuko si frisbee. Hata hivyo funzo linalingana na ninachokiona uwanjani: mtoto aliyerusha mirusho 20 kutoka kwenye mstari uleule anaujua mstari ule, aliyerusha kutoka mita 6, 8 na 11 anajua kurusha. Darasa likisogea hatua chache kila baada ya mirusho michache, gharama yake ni sifuri.

Upepo nao ni mwalimu. Kisumu, alasiri, upepo wa ziwani huingia na kuwakuta watoto uwanjani. Sahani inayorushwa kuukabili upepo huinuka na kugeuka upesi. Inayorushwa upepo ukiwa mgongoni hushushwa chini. Wapange watoto warushiane, nusu ya kipindi wakiwa upande huu na nusu upande ule, na watauelewa upepo kuliko mchoro wowote wa ubaoni.

Nimesema mirusho mingi, na sasa tuhesabu, maana hapa ndipo mafundisho mengi mazuri yanapokufa. Kipindi cha shule ya msingi ni dakika 35. Toa muda wa kutoka darasani, kupanga mistari na kurudi, zibaki dakika 20 za kurusha. Mrusho mmoja, pamoja na kuiokota sahani na kujipanga tena, chukulia sekunde 20. Sahani moja basi inarushwa mara 60 katika kipindi. Darasa la watoto 50 lenye sahani 2 lina mirusho 120, yaani kila mtoto mirusho miwili na chembe. Hakuna mtu duniani aliyejifunza kulenga kwa mirusho miwili kwa kipindi. Darasa hilohilo likiwa na sahani 25, wawili wawili wakirushiana, kila mtoto anarusha mara 30. Tofauti ya mwalimu hodari na mwalimu wa kawaida ni ndogo sana ukiilinganisha na tofauti hii.

Sahani 25 za dukani ni ndoto kwa shule nyingi. Sahani rasmi ya ultimate ina gramu 175 na upana wa sentimita 27 hivi, na kwa kiganja cha mtoto wa miaka 10 ni kubwa na nzito kidogo. Hapa mifuniko ya ndoo za rangi inaingia. Mfuniko wa ndoo ya lita 4 unatosha mkononi mwa mtoto, una ukingo uliokunjwa chini, na mafundi wa rangi huutupa. Ukiwa mwepesi mno, bandika pembeni kwa ndani kamba nyembamba iliyozungushwa, au kanda za gundi tabaka kadhaa. Uzito ukae kwenye ukingo, maana uzito wa pembeni ndio unaoutunza mzunguko. Ukiuweka katikati unaiharibu sahani. Kipande cha katoni kilichokatwa duara bila ukingo hakifai kufundishia shabaha. Hupeperuka, na mtoto hajui kama amekosea yeye au imekosea katoni. Pwani, ambako ukili haukosekani, pete ya ukili iliyoshonwa tabaka mbili au tatu na kukazwa vizuri huruka bapa na haimuumizi anayedaka, na ni kazi ambayo bibi wa mtoto anaweza kumfundisha jioni moja. Kingo kali za plastiki zisuguliwe kwa msasa kabla ya siku ya kwanza. Na kanuni moja isivunjwe: wanaorusha na wanaodaka wawe kwenye mistari miwili inayotazamana, na sahani iliyopita mstari iokotwe wote wakiwa wamesimama, kwa filimbi.

Faida nyingine ya mchezo huu ni kwa wasichana, na nataka kuieleza kwa kina. Mwaka 1985 Jerry Thomas na Karen French walikusanya tafiti nyingi za uwezo wa mwili wa watoto, wakakuta kwamba pengo la wavulana na wasichana katika kurusha ni kubwa kuliko katika karibu kila mwendo mwingine, na linaanza mapema mno, kabla ya balehe kuwa na la kusema. Miaka 25 baadaye Thomas na wenzake walipima watoto wa Waaborijini wa Australia, na wakakuta pengo lipo lakini ni dogo kuliko la watoto wa Marekani. Maumbile yana sehemu yake; malezi nayo yana yake, na si ndogo. Huku kwetu mvulana amekwisha kurusha mawe maelfu kabla ya kuingia Gredi ya 1, na dada yake amekwisha kukatazwa. Mpira unapotolewa uwanjani, mmoja anaendelea na mwingine anaanza. Frisbee inawakuta wote wapya. Mwendo wa kupitisha mkono mbele ya kifua haumo katika mawe ya mwembe, na hauhitaji bega lenye nguvu kwanza. Wape sahani za kutosha, wachanganye wawili wawili bila kujali jinsia, na wasichana watalenga sawa na wavulana tangu wiki za mwanzo. Mwalimu akianza na mashindano ya nani atafikisha mbali, ameirudisha historia yote ile uwanjani kwa amri moja.

Tathmini ndiyo sehemu dhaifu ya utaratibu tulio nao. Mtaala wa umilisi unampima mtoto kwa viwango vinne: anazidisha matarajio, anafikisha, anakaribia, au yuko mbali na matarajio. Katika kurusha, maneno hayo hayana maana mpaka umbali na upana wa shabaha vitajwe. Chukua lango la mita 3. Kutoka mita 8, mtoto anaruhusiwa kukosea nyuzi 10 na ushei kila upande wa mstari wa katikati. Msogeze mpaka mita 16, lango lilelile linamruhusu nyuzi 5 tu. Mtoto yuleyule, kwa mkono uleule, atakuwa "amezidisha" katika shule moja na "yuko mbali" katika shule ya jirani. Napendekeza jambo rahisi: lango la mita 3, mirusho 10, mitano kutoka mita 8 na mitano kutoka mita 12, mwanzo wa muhula na mwisho wake. Watoto wahesabiane wenyewe na kuandika kwenye daftari. Mchezo wa ultimate tangu mwanzo umejengwa juu ya wachezaji kujiamulia makosa yao bila refa hata katika mashindano ya dunia, na mtoto wa miaka 10 anaweza kuaminiwa kuhesabu malango ya mwenzake. Kinachopimwa kiwe maendeleo ya mtoto huyo dhidi ya namba yake ya mwanzo. Orodha ya washindi wa darasa haina kazi hapa.

Nimesikia wakuu wa shule wakiuliza kama haya yote yana faida kwa nchi ya wakimbiaji. Nawakumbusha Julius Yego. Mwaka 2015 mjini Beijing alirusha mkuki mita 92.72 akawa Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya mashindano ya dunia ya riadha katika michezo ya uwanjani, na mwaka uliofuata akaleta fedha kutoka Olimpiki ya Rio. Dunia nzima inajua alivyojifunza: alitazama video za warushaji wa Ulaya kwenye YouTube, kwa sababu nyumbani ujuzi wa kurusha haukuwa wa kupatikana kirahisi. Tulimsifu kwa bidii yake, na alistahili. Lakini kijana kuanza kutafuta mwalimu wa kurusha kwenye mtandao ni ushahidi wa pengo lililoanza shule ya msingi. Kisahani cha riadha chenyewe, kile kizito kinachorushwa katika mashindano ya sekondari Kenya na kwenye UMISSETA ya Tanzania, nacho hakiachi shabaha nje. Kina eneo lake la nyuzi 34.92, ambalo kwa mita 20 kutoka katikati ya duara lina upana wa mita 12, na kikiangukia nje ya mistari mrusho hauhesabiwi hata kama ulikuwa mrefu kuliko yote. Mtoto aliyejifunza mapema lini aachie na mkono ukiwa unaelekea wapi atakuwa na kitu mkononi siku atakapokabidhiwa kisahani cha kilo moja.

Kizuizi kikubwa kuliko sahani, upepo na idadi ya watoto ni kipindi chenyewe kuliwa. Kila mzazi anajua kipindi cha michezo ndicho cha kwanza kugeuzwa cha marudio mitihani ikikaribia, na mwalimu anayekitetea huonekana mvivu. Wazazi wana nguvu hapa kuliko wanavyodhani, kwa sababu wakuu wa shule huwasikiliza. Kwa hiyo mzazi unayesoma haya, kwenye mkutano ujao wa shule uliza swali hili mbele ya wote: watoto wetu wanakwenda uwanjani mara ngapi kwa wiki, na kila mmoja anarusha mara ngapi? Na wewe mwalimu, kabla muhula haujaanza, pita kwa mafundi rangi wa mtaani kwako uwaombe wakuwekee mifuniko. Ukipata 25, darasa lako lina vifaa.